SOMO: BAADA YA PASAKA TUISHIJE? (Yohana 21:1-19)



Siku ya Pasaka kanisa lilijaa hata wengine wakasimama nje chini ya turubai. Kwaya ziliimba, watoto waliigiza habari ya kaburi wazi, na kina mama walipika. Jumapili iliyofuata mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu, na kwaya moja ilikuwa na watu wanne. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia, "Pasta, Pasaka imekwisha, watu wamerudi shambani." Alisema kama mtu anayelaumu. Nikamjibu kwamba hata Petro alirudi kwenye nyavu zake, na Bwana alimfuata huko huko. Somo la mwezi huu limetoka katika jibu hilo.

Kwanza nawaomba msome Yohana 21 yote nyumbani, kwa sauti, mtu mmoja asome na wengine wasikilize. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake wa shule. Kisha turudi hapa pamoja.

Usiku bila samaki

Wengi wetu hapa Kyangwali tulivuka Ziwa Albert. Ninyi mliotoka Tchomia na Kasenyi hamhitaji kuelezwa habari za wavuvi. Mnajua kuvua muziri usiku kwa taa, na mnajua kurudi alfajiri na mtumbwi mtupu wakati mafuta ya injini yalichukuliwa kwa deni. Ziwa la Galilaya, ambalo Yohana analiita Bahari ya Tiberia, ni dogo sana mbele ya letu. Urefu wake ni karibu kilomita 21 na upana karibu kilomita 13, wakati Albert lina karibu kilomita 160 kwa 30. Lakini kazi ni ile ile, na uchovu wa asubuhi ni ule ule.

Wanafunzi saba walikuwa pale. Walikuwa wamekwisha kuonekana na Bwana mara mbili katika nyumba iliyofungwa milango. Habari ya ufufuo hawakuikosa. Walikuwa nayo, lakini siku ya kazi ilipofika hawakujua waifanyie nini. Petro akasema anakwenda kuvua, na wenzake wakamfuata.

Wahubiri wengine humlaumu Petro kwamba alirudi nyuma. Mimi siioni lawama hiyo katika andiko. Yesu hakumkemea kwa sababu ya nyavu. Aliwauliza kama wana kitoweo, akawaelekeza upande wa kutupa wavu, na walipofika nchi kavu walikuta amekwisha kuwasha moto wa makaa, samaki wako juu yake, na mkate upo. Tena akaomba waongeze samaki waliowavua wao.

Tusipite hapa haraka. Yeye aliyepewa mamlaka yote mbinguni na duniani, mwenye alama za misumari mikononi, anaandaa chakula cha asubuhi kwa watu waliokesha kazini. Nasema hasa na akina baba. Kwetu mwanaume akionekana jikoni majirani hucheka, husema mke amemfunga. Basi Bwana wetu alipika. Mke wako ameamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupanga jerikani kwenye bomba, na wewe umelala ukingoja arudi akuwashie moto wa chai. Uwashe wewe. Ukitaka tendo la kuanzia wiki hii, ni hilo, na usiseme ni dogo mpaka uwe umelifanya siku saba mfululizo.

Makaa ya mara ya pili

Katika chuo cha Biblia mwalimu wetu alituonyesha kwamba neno la Kigiriki la moto wa makaa, anthrakia, linapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na mara zote mbili ni katika Injili ya Yohana. Mara ya kwanza ni katika 18:18, uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi. Petro alikuwa akiota moto pamoja na watumishi na walinzi, na mahali pale aliulizwa kama yeye ni mmoja wa wanafunzi wa yule mtu, akakana. Mara ya pili ni hapa ufuoni. Petro anatoka majini, nguo zinadondosha maji, na harufu inayompokea ni harufu ya makaa.

Yesu hakuuficha usiku ule, lakini alianza kwa kumlisha. Walipokwisha kula ndipo alipomwuliza kama anampenda, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Walimu wengi hukaa sana juu ya maneno mawili ya Kigiriki ya kupenda yaliyo katika mistari hiyo. Hata mimi niliyaandikia karatasi nyingi wakati wa mtihani. Siku hizi siyatilii mkazo mwingi, maana Yohana hupenda kubadilisha maneno, na katika mistari hiyo hiyo amebadilisha hata maneno ya kondoo na ya kuchunga. Kilicho wazi ni hesabu. Alikana mara tatu, akaulizwa mara tatu, na kila alipojibu alikabidhiwa kundi la Bwana alitunze.

Nimefika mahali ambapo ni lazima niseme habari yangu mwenyewe, kwa maana wengine mmeisikia nusu nusu.

Mwezi wa Februari 2018 tulishuka mtumbwini upande huu wa Uganda, mimi, mke wangu na watoto. Mnakumbuka siku zile. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kati ya watu waliokuwa wakivuka kutoka Ituri, na watu walikuwa wanakufa. Asubuhi tulipangwa kwa makundi ili tupande gari. Jirani yangu wa nyumbani akaja, mvuvi, mtu ambaye kila Krismasi aliniletea samaki bila kudai hata faranga. Alimbeba mtoto wake mgongoni, na mtoto alikuwa anaharisha. Aliniita kwa jina. Akamwambia kijana aliyekuwa akiandika, "Sisi tuko pamoja na pasta huyu." Kijana akanitazama, akauliza, "Ni wenu?" Niliwatazama watoto wangu. Nikasema, "Hapana, simjui." Gari letu likaondoka, yeye akabaki.

Kwa muda mrefu nilijitetea moyoni kwamba nililinda watoto wangu. Labda ni kweli nililinda watoto wangu. Lakini sikusema, "Namjua, ila mtoto wake ni mgonjwa, tafadhali apelekwe kwanza kwa waganga." Nilisema simjui. Baadaye nilipata habari kwamba mtoto alipona, na kwamba familia ile imepewa kiwanja upande mwingine wa kambi. Nilimshukuru Mungu, na tangu siku hiyo nikaanza kupita njia ndefu kwenda sokoni ili nisikutane na yule baba.

Pasaka ya mwaka 2019 ilikuwa tarehe 21 Aprili. Nilihubiri ushindi, watu wakapiga vigelegele. Jumapili iliyofuata zamu ilikuwa ya Yohana 21, na nilipofika mstari wa 15 sauti ilinikatika. Washirika walidhani nimeguswa na upako. Jumatano nilikwenda kwake. Nilimkuta anapalilia maharage. Nilimwambia yote, na nililitaja neno lile nililolisema ufuoni, kama lilivyokuwa. Hakunikumbatia. Alisema, "Nimesikia, Pasta. Mtoto alikuwa karibu kufa." Kisha akainama, akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari wake. Aliporudi alimwita mke wake alete chai, tukanywa bila maneno mengi.

Ilichukua msimu mzima. Nilikwenda kumsaidia kupalilia, naye siku moja akaja bila kuitwa, tukaezeka pamoja upande wa nyumba yangu uliokuwa ukivuja. Siku gani hasa alinisamehe, siijui, na sijamwuliza. Yeye ameniruhusu niandike haya, ila jina lake lisitajwe.

Kwa hiyo nikisema kwamba baada ya Pasaka kila mmoja amwendee mtu ambaye amekuwa akimkwepa njiani, sisemi kama mtu aliyefaulu haraka. Kutoka Pasaka hadi Pentekoste tuna siku hamsini. Nenda ndani ya siku hizo. Nenda peke yako kwanza, bila msafara wa wazee, maana msafara humlazimisha mtu kusema amesamehe. Taja kosa lenyewe. Kusema "kama nilikukosea popote unisamehe" ni kumwachia aliyeumizwa kazi ya kutafuta dhambi yako. Kama ni fedha ya likelemba uliyoila, nenda na sehemu yake mkononi, hata kama ni kidogo, na useme utamaliza lini.

Tena nisieleweke vibaya. Simwambii aliyeuawa ndugu zake, wala mama aliyetendwa mabaya njiani, kwamba akimbie kumkumbatia aliyemtenda. Katika habari hii anayehojiwa karibu na moto ni yule aliyekana. Aliyeumizwa tumwombee, tukae naye, na tusimwekee tarehe.

Orodha ya chakula

Sasa tuingie katika jambo linalotugawanya zaidi ya mafundisho. Tangu mwaka 2023 familia za wakimbizi ziliwekwa katika makundi matatu ya msaada wa chakula: kundi moja likapata zaidi, la pili likapata pungufu, na la tatu likaondolewa kabisa. Tangu hapo nimeona dada wawili walioimba sauti moja miaka mitano wakiacha kusalimiana, kwa sababu mmoja jina lake limebaki na mwingine limetoka. Huyu aliyebaki hakuandika orodha, na huyu aliyetoka hakufanya kosa. Lakini njaa haiulizi.

Ugomvi wa kwanza ulioandikwa ndani ya kanisa baada ya Pentekoste ulikuwa juu ya orodha ya chakula. Someni Matendo 6:1-6. Wajane wa upande wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na manung'uniko yakaanza. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji waombe zaidi. Waliitisha mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Angalia majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni majina ya Kigiriki. Inaonekana kundi zima liliwakabidhi kazi ya meza watu wa upande uliolalamika.

Hilo huwa linanishangaza kila nikilisoma. Sisi tungeweka wawili wa huku na watano wa kwetu. Orodha ya kambi hatuwezi kuibadilisha sisi, lakini tuna ghala dogo la kanisa, lile sanduku la unga na maharage ya sadaka. Nimependekeza kwa baraza kwamba ufunguo wake ushikwe na washirika walioondolewa kwenye msaada, na waangaliwe kwa hesabu kama mtu mwingine yeyote. Wengine katika baraza hawajakubali. Naandika hapa ili ninyi pia mlijadili.

Na nyumbani, kina mama wa kikundi kimoja wameanza jambo ambalo naliona ni la Kipasaka kabisa. Kila mara mama anaposonga ugali, kabla unga haujaingia sufuriani, anatoa konzi moja anaiweka katika mfuko kando. Jumamosi mifuko inakusanywa na kupelekwa kwa nyumba moja ambayo haina. Hawasemi majina kanisani. Mama mmoja aliniambia kwamba yeye mwenyewe amepokea mfuko ule mara mbili na ametoa mara nyingi, na hakumbuki aibu. Wanafunzi walikuta samaki tayari juu ya makaa, lakini bado Bwana aliomba na samaki wao waletwe. Hata aliye katika kundi la tatu ana konzi yake siku moja moja.

Wale ambao hawakuja

Jumapili baada ya ufufuo ni siku ya Tomaso (Yohana 20:24-29). Jioni ya kwanza hakuwapo. Andiko halisemi alikuwa wapi. Alipoambiwa habari hakuamini, akaweka masharti yake. Sasa ona: siku nane zikapita, na Tomaso alikuwa bado yumo pamoja nao ndani ya nyumba. Hawakumfukuza kwa sababu ya mashaka yake, na yeye hakuondoka.

Baada ya kuona mabenchi yale matupu nilitembelea nyumba tisa. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kukemea. Nyumba mbili walikuwa wamekwenda kulima kwa watu kwa ujira wa siku, na Jumapili ndiyo siku waliyopata. Dada mmoja ana kitenge kimoja tu kizuri, alikifua Jumamosi na mvua ikanyesha. Mzee mmoja anaona haya kupita mbele wakati wa sadaka mikono mitupu. Kijana mmoja tu aliniambia wazi kwamba haamini tena, kwa sababu aliomba juu ya baba yake na baba hakurudi. Maneno yangu ya kukemea nikarudi nayo mfukoni.

Kwa hiyo tumepatana na wazee kwamba sadaka itatolewa katika kapu lililo mlangoni, kila mtu kwa wakati wake, na hakuna kupanga mstari mbele. Na yule kijana asihubiriwe kila anapokutana na mtu. Aitwe kucheza mpira na kula pamoja na wenzake.

Kungoja

Neno la mwisho ni gumu. Wengi wetu tunangoja. Wengine wanangoja amani Ituri, tangu vita viliporudi Desemba 2017. Wengine wanangoja safari. Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mwezi wa Januari 2025, kulikuwa na familia zilizokwisha kuuza mbuzi na masufuria. Nimekaa na baadhi yao. Sikuwa na jambo la kuwaambia, na nilipojaribu nilisema vibaya.

Wanafunzi walimwuliza Bwana swali letu hasa: je, ni wakati huu ufalme utarudi? (Matendo 1:6). Hakuwapa tarehe. Aliwaambia wangoje Yerusalemu, mji ule ule ambao wiki chache kabla walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Na katika kungoja huko hawakukaa bure. Walikusanyika kila siku katika maombi, wanawake na Mariamu mama yake Yesu wakiwamo, na wakamchagua Mathiya ajaze nafasi iliyokuwa wazi. Walirekebisha kilichokuwa mikononi mwao.

Hapa Uganda Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Kiwanja ni kidogo, hilo kila mtu analijua. Hata hivyo namsihi aliyeacha kupanda kwa sababu "tutaondoka tu" apande msimu huu. Yeremia aliwaandikia wahamishwa wa Babeli wapande bustani na wale matunda yake (Yeremia 29:5), na hawakuwa wameacha kuutamani Yerusalemu. Ukiitwa kuondoka kabla ya mavuno, jirani atavuna.

Na kabla ya kushika jembe, familia iombe. Sisemi saa nzima. Zaburi moja, mtoto mmoja aombe kwa maneno yake, na mtajeni kwa jina mtu mmoja mliyemwacha nyuma. Mnaweza kufanya hivyo maji ya chai yakiwa bado hayajachemka, baba akiwa ameshika kipepeo cha makaa.

Kwa vikundi vya nyumbani siku ya Jumatano:

Someni Yohana 18:15-18 na Yohana 21:9-17 zikifuatana. Petro alipoona makaa ufuoni, mnadhani alikumbuka nini?

Je, katika kikundi chetu ni nani ambaye hatujamwona tangu Pasaka? Nani atakwenda kwake kabla ya Jumapili, na atakwenda na nini mkononi?

Ufunguo wa ghala la kanisa ushikwe na nani? Viongozi wa vikundi waniletee majibu kwa maandishi, hata yale yanayonipinga.